Bob Marley na ndege iliyojaa spika

Kama umewahi kuitwa kupiga shoo nje ya mji wenu, unalijua lile jibu la promota. Unamuuliza mambo ya sauti, anakwambia usiwe na wasiwasi, mashine ziko. Unafika unapata spika mbili, moja imepasuka, maiki imefungwa na selotepu, na jamaa wa mixer ameenda kula. Mimi na wenzangu wawili yalitukuta hayo Nakuru. Tulifanya shoo nzima mbele ya watu ambao walisikia mdundo tu, maneno hakuna. Kurudi Nairobi hakuna aliyeongea ndani ya matatu.

Tangu siku hiyo nikisoma maisha ya mwanamuziki yeyote, kuna swali moja huwa natangulia nalo: hizo mashine zilikuwa za nani, na nani alilipa gari la kuzibeba? Ukimsoma Bob Marley na swali hilo mkononi, unakutana na mtu tofauti kidogo na yule wa bendera, rasta na moshi tuliyezoea kuchorewa kwenye matatu. Unakutana na msee aliyeanza bila hata waya wa kuchomeka gitaa, na ambaye mwaka wa 1980 alikodi ndege kutoka London ikiwa imejaa spika, akalipa mwenyewe, kwa ajili ya shoo ambayo hakulipwa.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 kijijini Nine Mile, milimani, katika eneo la St Ann nchini Jamaica. Mamake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa hapo kijijini. Babake, Norval Marley, alikuwa mzungu aliyemzidi Cedella umri kwa miaka mingi sana, na mtoto hakumjua vizuri. Norval alifariki 1955. Baadaye mama na mwana wakahamia Kingston, mtaa wa Trench Town, ambao ukiuona kwenye picha za zamani utadhani ni Mathare au Korogocho: mabati, uwanja wa pamoja, bomba moja la maji kwa watu wengi.

Lakini Trench Town ilikuwa na kitu kimoja ambacho mtaa haukuomba serikali: sauti. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usipoelewa hili huwezi kuelewa ndege ya 1980.

Miaka ya 1950, redio ya Jamaica haikupiga sana muziki ambao watu wa mitaa ya chini walitaka. Bendi kubwa zilipiga hotelini, na kiingilio chake hukiwezi. Basi wafanyabiashara wajanja wakaanza kuunda kile kinachoitwa sound system. Amplifaya nzito, santuri kutoka Marekani, na masanduku ya spika yaliyotengenezwa na maseremala, makubwa kama kabati la nguo. Jamaa mmoja anayeitwa Hedley Jones, aliyejifunza mambo ya umeme akiwa katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, ndiye aliyeunda baadhi ya amplifaya za kwanza zilizotisha. Mashine zote hizi zilipakiwa kwenye lori, zikapelekwa uwanja fulani, zikapangwa, watu wakalipa mlangoni, wakacheza hadi asubuhi. Wikendi ijayo lori liko mtaa mwingine.

Duke Reid, polisi mstaafu, alibeba mashine zake kwa lori aina ya Trojan, na jina la lori likawa jina la sauti yake. Mpinzani wake alikuwa Clement Dodd, wote walimwita Coxsone. Vita vyao havikuwa vya mdomo pekee. Kila upande ulikuwa na vijana wake, na kuna usiku vijana hao walitumwa kwenda kuharibu dansi ya mwenzao. Ukitaka kuelewa, fikiria nganya mbili za Rongai zinazogombania abiria stejini, ile yenye besi nzito ndiyo inajaa kwanza. Sasa toa abiria, weka mtaa mzima.

Waliomiliki spika ndio waliokuja kumiliki studio. Hao hao ndio waliomiliki nyimbo. Kijana mwenye sauti nzuri na bila senti alikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga.

Bob aligonga mapema. Akiwa kijana aliwekwa kwenye karakana kujifunza kuchomelea vyuma, kazi ambayo mamake aliona ina mbele. Siku moja kipande cha chuma kikamwingia jichoni. Baada ya hapo alimwambia mama kwamba muziki ndio kazi. Mwaka wa 1962 akarekodi nyimbo zake za kwanza kwa Leslie Kong, mfanyabiashara mwenye duka la santuri. Hazikufika mbali. Kule mtaani, mwimbaji mmoja mkubwa, Joe Higgs, alikuwa akiwafundisha vijana kuimba kwa sauti za kupishana, bila malipo, uani kwake. Hapo Bob, Bunny Livingston na Peter Tosh wakanolewa. Gitaa lilikuwa la Peter. Maiki hazikuwepo. Ukitaka usikike, unafungua kifua.

Mwishoni mwa 1963 wakaingia kwa Coxsone wakiwa The Wailers. Wimbo wao wa kwanza hapo ulivuma kisiwa kizima mapema 1964. Ulipigwa kwenye spika za Coxsone, ukarekodiwa kwenye studio ya Coxsone, ukauzwa na Coxsone. Vijana walipewa ujira wa wiki, mdogo. Bob alifika mahali pa kulala kwenye chumba cha nyuma pale pale studio. Hata leo msanii chipukizi ukimwambia hii hadithi hashangai, anauliza tu chumba kilikuwa na godoro ama hakikuwa.

Februari 1966 alimuoa Rita Anderson, na siku chache baadaye akaenda Marekani, Delaware, alikohamia mamake. Alifanya vibarua huko, pamoja na kazi katika kiwanda cha magari cha Chrysler. Akiwa huko, Aprili, Haile Selassie akazuru Jamaica, Rita akamwona kwa macho yake, na Urastafari ukaingia ndani ya nyumba hiyo kabla Bob hajarudi. Mwisho wa mwaka alirudi na akiba yake, wakaanzisha lebo yao wenyewe. Wakauza santuri kutoka nyumbani. Haikuwa biashara kubwa. Ila ilikuwa mara ya kwanza kitu chochote kati ya wimbo wake na sikio la mtu kuwa chake.

Sasa ruka hadi 1972. Bob na wenzake wako London, baridi inawapiga, mfuko mtupu, mpango wa kufanya kazi na mwimbaji Mmarekani Johnny Nash umewaacha hewani. Wakaenda kumwona Chris Blackwell wa Island Records. Akawapa pauni 4,000 waende Jamaica kutengeneza albamu, bila uhakika mkubwa kwamba watarudi nayo. Walirudi nayo. Catch a Fire ikatoka 1973, na kwa mara ya kwanza The Wailers wakaitwa kupiga mbali na nyumbani, shoo moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo shida ya mashine ilianza kwa ukweli. Reggae si muziki wa kuchezea spika ndogo. Nyuzi nne za besi ya Aston Barrett, aliyeitwa Family Man, ndizo zilikuwa nguzo ya nyumba. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida inatetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na ili noti hiyo isikike bila kuvurugika unahitaji spika pana, boksi kubwa na umeme mwingi kuliko unaohitaji kwa sauti ya mwimbaji. Bendi ya roki inaweza kusalimika kwa mashine za juu-juu, magitaa yakipiga kelele watu wanaruka. Reggae ikikosa besi inabaki mifupa. Kwa Mjamaika aliyelelewa na spika za Coxsone, hiyo ni aibu.

Na bendi ngeni haibebi mashine. Inapanda jukwaa la watu. Oktoba 1973 walichukuliwa kufungua shoo za Sly and the Family Stone huko Marekani. Anayefungua shoo duniani kote hali yake ni moja: mashine ni za mwenyewe, fundi ni wa mwenyewe, muda wa kupima sauti ni ule uliobaki baada ya mwenyewe kumaliza. Baada ya shoo chache tu wakatimuliwa, wakaachwa Las Vegas. Wengine husema watu hawakuwaelewa, wengine husema waliwazidi wenye shoo. Wakajikokota hadi California, wakapiga moja kwa moja redioni wakiwa studio ya Sausalito tarehe 31 Oktoba, na rekodi hiyo ukiisikiliza leo unasikia bendi ambayo kwa mara moja imepewa mashine nzuri.

Bunny alikuwa ameshakataa kusafiri. Mwisho wa mwaka huo ziara ya Uingereza ikakatizwa na theluji, na haikuchukua muda Peter naye akashika njia yake. Bob akabaki na jina, na ndugu wawili Barrett, mmoja kwenye besi na Carlton kwenye ngoma. Nyuma yake wakaja wanawake watatu, Rita, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, wakaitwa I-Threes.

Julai 1975 walipiga Lyceum, London. Nje ya ukumbi lilikuwa limeegeshwa lori la Rolling Stones, ambalo ndani yake ilikuwa studio nzima ya kurekodi. Nyaya zilitoka jukwaani zikaingia kwenye lori, na kilichotoka humo ni albamu iliyomfanya Bob ajulikane dunia nzima. Mimi hulifikiria sana lori hilo. Mtoto aliyekua akisubiri lori la spika lije mtaani, sasa lori limekuja kumsubiri yeye.

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu unaijua. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki wakaingia nyumbani kwake Hope Road, Kingston, wakampiga risasi yeye, Rita na meneja Don Taylor. Siku mbili baadaye akapanda jukwaani mbele ya makumi ya maelfu ya watu, kisha akaihama nchi. Exodus ikatengenezwa London, 1977. Mwaka huo huo kidole cha mguu kilichokuwa kinamsumbua kikapimwa, ikapatikana ni saratani ya ngozi. Aprili 1978 alirudi Kingston, akawaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono.

Bendi sasa ilikuwa mashine kubwa. Ulaya, Marekani, halafu 1979 Japani, New Zealand, Australia. Ukikaa na mafundi wa sauti wa hapa Nairobi watakueleza maana ya ratiba kama hiyo. Umeme wa Jamaica ni volti 110. Japani ni 100. New Zealand na Uingereza ni mara mbili ya hapo na zaidi. Ukichomeka amplifaya ya Kingston kwenye ukuta wa London bila kifaa cha kupunguza umeme, unanusa moshi kabla husikii muziki. Ndiyo maana bendi nyingi hubeba tu kile ambacho mwanamuziki hawezi kubadilisha, gitaa lake, kinanda chake, pengine ngoma anayoipenda, halafu zile spika kubwa zinakodishwa huko huko. Hiyo inafanya kazi mahali ambapo kuna mtu wa kukodisha.

Wanamuziki wake walisimulia kwamba kwenye kupima sauti Bob hakuwa na mchezo. Alikuwa wa kwanza kupanda basi, na alikaa ukumbini mchana mrefu akisikiliza chombo kimoja kimoja mpaka atosheke. Watu waliokuja na picha ya rasta anayelala lala walishangaa. Mimi nadhani ni mambo ya Trench Town tu. Aliona tangu utotoni kwamba wimbo mzuri kwenye spika mbovu ni wimbo mbovu.

Mwishoni mwa 1978 alikuja Afrika kwa mara ya kwanza, kupitia Kenya kisha Ethiopia. Hakuja kupiga shoo. Huko Ethiopia alifika Shashamane, ardhi ambayo Haile Selassie aliwapa Waafrika wa ughaibuni waliotaka kurudi. Vita vya kuikomboa Rhodesia vilikuwa vimepamba moto, na Bob akaandika wimbo kwa jina ambalo nchi hiyo ilikuwa bado haijaruhusiwa kuitwa: Zimbabwe. Ukatoka kwenye albamu ya Survival, 1979. Wapiganaji msituni wakaupokea kama wao.

Shoo yake ya kwanza Afrika ilikuwa Gabon, Januari 1980, kwa mwaliko wa familia ya Rais Omar Bongo. Ilimwacha na uchungu. Aliokuta ukumbini ni watoto wa wakubwa, si watu wa mtaa. Na pesa za ziara hiyo zikazua ugomvi mkali kati yake na Don Taylor, ukaishia kwa meneja kuondoka. Kwa hiyo mtu aliyefika Zimbabwe miezi mitatu baadaye alikuwa na deni moyoni.

Mwaliko ulikuja ukiwa umechelewa. Uhuru ungetangazwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, katika Uwanja wa Rufaro, mji ambao wakati huo bado uliitwa Salisbury. Jina la Harare lilikuja 1982. Walifika Kingston watu kutoka huko wakamwomba aje. Siku zilikuwa zikihesabika.

Sasa jiweke kwenye viatu vya msimamizi wa shoo. Nchi imetoka vitani juzi. Kwa miaka mingi iliwekewa vikwazo. Uwanja wa mpira ulio wazi juu, watu 40,000. Sauti ikienda mbali mara mbili, nguvu yake inashuka hadi robo, na ukiongeza umeme mara mbili sikio linaona tofauti ndogo tu. Yaani kutoka ukumbi wa watu 2,000 hadi uwanja kama huo, huongezi spika mbili tatu, unabadilisha hesabu yote. Mashine za namna hiyo utazikodi kwa nani Salisbury, Aprili 1980, na siku zenyewe ni chache?

Njia rahisi ilikuwepo, na naamini wasanii wengi tunaowapenda wangeichukua. Tuma ujumbe wa pongezi. Ama nenda na gitaa, simama kwenye maiki ya kutangazia mpira, imba wimbo mmoja, piga picha, panda ndege. Hakuna ambaye angelalamika, ilikuwa siku ya bendera.

Bob akasema mashine ziende. Ikakodiwa Boeing 707 kutoka London, ikapakiwa tani nyingi za vifaa pamoja na mafundi wa kuvifunga, na gharama akabeba yeye. Angalau hesabu ya umeme ilikuwa upande wao. Rhodesia ilikuwa koloni la Uingereza, volti zake zilikaribiana na za London, kwa hiyo mashine za huko zingewaka bila miujiza. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono: kuteremsha, kutafuta malori, kusimamisha jukwaa ndani ya uwanja ambao haukujengwa kwa ajili ya muziki, kuvuta nyaya, huku mji mzima umejaa wageni wa serikali na hakuna hata kitanda cha hoteli cha kupumzikia.

Yeye na bendi walisafiri kwa ndege ya kawaida, na wakasimama Nairobi. Kuna kisa ambacho waliokuwa naye wamekisimulia kuhusu masaa hayo uwanja wa ndege. Mwanamfalme Charles wa Uingereza naye alikuwa akipitia hapo, akielekea kwenye sherehe ile ile kumwakilisha mamake. Akatumwa mtu kumwambia Bob kwamba Mwanamfalme angependa aje wasalimiane kule kwenye chumba cha waheshimiwa. Bob akajibu kwamba kama anataka kuonana nao, basi aje yeye walipo. Hakuja. Embakasi, hapa hapa kwetu, na wasafiri wengine wakiendelea na chai yao.

Usiku wa tarehe 17 uwanja ulijaa. Wageni rasmi walikuwa wa kila aina, kuanzia Indira Gandhi wa India hadi Kenneth Kaunda wa jirani Zambia. Lakini Rufaro iko Harari, mtaa ambao leo ni Mbare, mtaa wa wafanyakazi, na wenye mtaa wengi hawakuwa na kadi ya mwaliko. Walikuwa nje ya ukuta. Bendi ilipoanza, ikaonekana uzuri na ubaya wa kuleta mashine nzuri: sauti haiulizi tiketi. Besi ya Family Man ilivuka ukuta. Uko nje ya nyumba yako mwenyewe, siku ya uhuru wako mwenyewe, unasikia ule wimbo wa jina la nchi yako unakuja, na geti limefungwa. Wewe ungefanya nini?

Wakasukuma. Polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Moshi ukaingia hadi jukwaani, macho yakawaka, I-Threes wakakimbizwa, wanamuziki wakatawanyika. Bob alikawia kushuka. Wengine wamesimulia kwamba alikuwa amefumba macho akiimba na hakuelewa mara moja kinachoendelea. Baada ya hali kutulia wakarudi, wakapiga, na Zimbabwe ikapigwa Zimbabwe.

Wangeweza kufunga virago hapo. Badala yake walirudi tena Rufaro kuwapigia wananchi wa kawaida, hawa wa nje ya geti. Mashine zilikuwa bado zimesimama, kwa nini zisitumike? Hii shoo ya pili haitajwi sana kwenye filamu kwa kuwa haikuwa na wafalme, lakini mimi ndiyo ninayoiona kuwa sababu ya ndege yote ile. Gabon alipiga kwa watoto wa wakubwa. Hapa deni likalipwa.

Kutoka hapo hakupumzika. Uprising ikatoka, ziara ya Ulaya ikaanza, na tarehe 27 Juni 1980 wakajaza San Siro mjini Milan, watu wapatao 100,000. Mwili ulikuwa ukimwacha polepole na wengi waliokuwa karibu naye hawakujua kiasi gani. Septemba wakaingia Marekani. Baada ya shoo mbili Madison Square Garden, New York, alianguka akikimbia mazoezi Central Park. Madaktari wakakuta saratani imefika kwenye ubongo.

Tarehe 23 Septemba walikuwa Pittsburgh, Stanley Theatre. Mchana wakapima sauti kama kawaida. Waliokuwepo wanasema ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kwamba Bob alishikilia wimbo mmoja akaurudia rudia, na bendi ikamfuata bila kuuliza. Jioni akapiga shoo nzima. Hakupanda jukwaa tena.

Alitibiwa Ujerumani kwa miezi, akashindwa, akaanza safari ya kurudi Jamaica. Alifika Miami tu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, miaka 36. Ibada ya mazishi ilifanyika Kingston tarehe 21 Mei, The Wailers na I-Threes wakapiga bila yeye, kisha msafara ukapanda milima hadi Nine Mile, watu wamejipanga kando ya barabara njia nzima. Gitaa lake liliwekwa ndani ya jeneza.